Mashujaa wa Katuni Chuoni Kwetu



Wiki kadhaa zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, mtoto mmoja wa chuo chetu hapa Wete alipanda juu ya ukuta wa nyumba ambayo haijamalizwa kujengwa, akajifunga kanga ya mama yake shingoni ili ipepee mgongoni, kisha akaruka. Mkono wake wa kulia ulivunjika. Alhamdulillahi, mfupa unaunga. Baba yake alipotafuta chanzo alikuta chini ya godoro vitabu sita vya katuni za Kimarekani, alivyoletewa mtoto na mjomba wake anayefanya kazi Maskati. Vyote sita viliishia jikoni, baina ya mafiga. Siku chache baadaye jambo hilo lilifika mbele ya kamati ya msikiti, na kamati ikatuagiza sisi tuliokabidhiwa kalamu yake tuandike tangazo la kuvipiga marufuku vitabu vya aina hiyo chuoni, lisomwe Ijumaa.

Tuliomba muhula wa wiki moja. Sababu tuliyoitoa ni kwamba haifai kuandika hukumu juu ya kitu kisichosomwa. Sababu ya pili hatukuitaja kikaoni, nasi tunaikiri leo mbele ya wasomaji: tulikuwa tumevisoma zamani. Tulipokuwa wanafunzi wa chuo cha Kiislamu vitabu hivi vilizunguka bwenini kwa siri, mkono hadi mkono, na vilivyorejea vilirejea bila ya majalada. Tunavyo tuvipendavyo na tunavyo tusivyovitaka, na wiki ile ilitupa nafasi ya kujiuliza kwa nini.

Tuanze na mkubwa wao. Superman alitoka mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Anaruka, ananyanyua gari, risasi haimdhuru. Mwaka 1964 alianza kutolewa kwa Kiarabu mjini Beirut, na jina lake la kila siku, Clark Kent, likageuzwa kuwa Nabil Fawzi, mwandishi wa magazeti kama mwandishi yeyote wa mji wa Waarabu. Kwa maoni yetu huyu ndiye dhaifu kuliko wote, si kwa mwili bali kwa kisa. Mtu ambaye haumii hana la kusubiri wala la kuogopa, na ukishaona nguvu zake mara tatu umeziona zote. Mtoto akimsoma huyu hubaki na joho lile tu linalopepea mgongoni. Hatukushangaa tulipoambiwa kwamba aliyeigwa juu ya ukuta ni yeye.

Spider-Man ni habari nyengine. Alitokea mwaka 1962, kwa kalamu ya Stan Lee na mchoro wa Steve Ditko. Ni kijana yatima anayelelewa na ami yake na mke wa ami yake, katika nyumba isiyokuwa na kitu. Kisa ambacho kingeweza kuanzia Ole au Kengeja bila ya kubadilishwa neno. Anapopata nguvu, jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta fedha na sifa kwa watazamaji. Siku moja mwizi anapita mbele yake akikimbia, naye anaweza kumzuia, lakini anasema halimhusu. Mwizi yule yule ndiye baadaye anayemuua ami yake. Hadithi yote inayofuata, miaka na miaka ya vitabu, ni ya kijana anayejua kwamba mara moja alinyamaza pale alipopaswa kusimama. Tumesikiliza mawaidha mengi kuhusu uchungaji na dhamana, na baadhi yake tumeyaandika wenyewe, wala hatukumbuki lililotuingia kama ukurasa ule tuliousoma kwa tochi ndani ya chandarua.

Hatusemi kwamba vitabu hivi ni salama. Wazee waliokasirika kikaoni hawakukasirika bure. Thor, anayependwa sana na vijana kwa nyundo yake, ni jina la sanamu lililoabudiwa na watu wa kale wa Ulaya ya Kaskazini, na katika katuni anaitwa mungu bila ya haya. Tena yupo mwanamke aitwaye Storm, aliyetolewa mwaka 1975, anayeamrisha mvua na radi. Waandishi wake walimweka Kenya, jirani yetu hapa, wakasema watu wa huko walimwabudu. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo, nao wakaeleza kwamba maana yake ni uzuri. Mswahili akisikia ororo anafahamu kitu laini kama mkate uliotoka sasa hivi jikoni. Tunacheka, lakini kosa la lugha ni dogo. Kubwa ni lile la kuwafanya Waafrika watu wanaomsujudia kila anayeleta mvua. Hapo mzazi asinyamaze. Mtoto aambiwe wazi kwamba mvua ina Mwenyewe, kisha aambiwe pia kwamba aliyeandika hayo alikaa New York, na Kenya hakuijua.

Mjumbe mmoja alisema dawa ni kutunga katuni za Kiislamu. Zimekwishatungwa. Mwaka 2006 Naif al-Mutawa, mwanasaikolojia wa Kuwait, alianzisha mfululizo ulioitwa The 99. Kisa chake kinaanzia Baghdad mwaka 1258, Wamongoli walipoiteketeza. Elimu ya maktaba ikahifadhiwa ndani ya vito tisini na tisa, na kila anayekipata kito anapata sifa mojawapo, kama nuru au nguvu. Mwaka 2010 Rais Obama alimsifu mtungaji huyo hadharani. Mwaka 2014 wanazuoni wa Saudi Arabia wakatoa fatwa ya kuukataza, kwa sababu ya kuyagusa majina matukufu ya Mwenyezi Mungu. Hatuna la kuongeza juu ya kauli ya wanazuoni. Sisi tulikwishachoka nao kabla ya fatwa, na tulichoka kama wasomaji. Mashujaa walikuwa wengi mno na wema mno, kila mmoja na somo lake mkononi, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na deni, wivu, au mama mgonjwa. Kisa kikishageuka hotuba mtoto hukifunga, na sisi waandishi wa hotuba tunalijua hilo zaidi ya wengine.

Ikabaki habari ya kitabu cha saba. Vilikuwa saba tangu mwanzo, lakini kimoja kilisalimika kwa kuwa dada wa mtoto yule alikwisha kukiazima. Mama yao alituletea kimefungwa katika mfuko wa rambo, akatuomba tusiseme kimetoka wapi. Ni kitabu cha Kamala Khan, msichana Mwislamu wa Jersey City mwenye wazazi waliotoka Pakistan. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 2014, na mwaka uliofuata mfululizo ukapata Tuzo ya Hugo. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu. Wapo watakaokasirishwa na mwanzo wake, kwani msichana anatoroka nyumbani usiku kwenda karamuni; hatukulifurahia hilo, ingawa kinywaji alichopewa kwa hila kilipokuwa na pombe alikitema. Anapopata uwezo wa kujigeuza, kwanza anajigeuza mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kwa kudhani shujaa hawezi kuwa na sura nyengine. Inamchukua muda kugundua kwamba anaweza kumwokoa mtu akiwa na sura yake mwenyewe. Mabinti zetu wanaonunua krimu za kujichubua madukani wanayo haja ya ukurasa huo kuliko wavulana.

Lakini lililotufanya tukiweke kitabu chini na kutoka nje kidogo ni jengine. Wazazi wa Kamala, waliochoshwa na kutoroka kwake, wanampeleka kwa sheikh wa msikiti wao, Sheikh Abdullah. Msichana anakwenda akiwa tayari kukaripiwa, na msomaji naye yuko tayari, kwa sababu ndivyo masheikh walivyozoea kuchorwa. Sheikh anamsikiliza. Anafahamu kwamba kuna siri, wala hamlazimishi kuifichua. Anamwambia kwamba kama hana budi kuendelea na hilo alilolishika, basi aliendee kwa ushujaa, ukweli na huruma, tena ajitafutie mwalimu.

Tulikwenda kumtazama mgonjwa. Tulimkuta barazani, mkono ndani ya plasta.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tueleze, ulidhani utaruka?"

"Sikudhani, maalim. Nilijua sitaruka. Nilitaka kuiona kanga inavyopepea."

Tulimuuliza kwa nini hakumwonesha mtu mzima vitabu vile akaviuliza. Akatutazama kama tumeuliza jambo la kitoto. Akasema, "Nimwoneshe nani? Baba angeviona angevichoma." Hatukuwa na jibu, kwa kuwa jivu lilikuwa bado jikoni.

Wiki ilipokwisha tulikwenda kikaoni bila ya tangazo. Mzee wetu mmoja, ambaye alikuwa mkali kuliko wote, alituuliza ni nini hasa kilichomo humo kisichokuwemo katika visa vya wazee. Swali lake ndilo lililotufaa. Tulimwambia kwamba adui mmoja wa Batman, aliyetungwa mwaka 1971, anaitwa Ra's al Ghul. Mzee akainuka mgongo. Rasi al-Ghuli! Naye kweli anamjua, kwani ndiye mfalme kafiri anayepigana na Sayyidna Ali na masahaba katika utenzi mrefu wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, na ambao watu wa pwani waliusikiliza zamani kabla ya kuchapishwa. Jina ambalo watoto wetu wanalijua kutoka Marekani lilikuwa ndani ya majumba yetu. Sisi tumeacha kulisoma, wao wamelikuta kwengine.

Na Fumo Liyongo je? Utenzi wake aliutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kwa maoni yetu hapana katuni inayomfikia. Jitu la mtu, nguvu zake hazisemeki. Anafungwa gerezani, na kijakazi Saada anamletea mkate wa wishwa ambao walinzi wanaudharau, na tupa ya kukatia minyororo imo ndani. Hata udhaifu wake ni mmoja tu, kama wa Superman anayelegezwa na jiwe la kwao: hafi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Tofauti iko kwa anayeijua siri hiyo. Ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme, naye anapata siri kwa kumuuliza tu baba yake. Baba anatambua, na anasema. Akishachomwa anachukua upinde, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, anakufa katika hali hiyo, na watu siku kadhaa hawathubutu kuchota maji kwa kudhani yu hai.

Hizo katuni zetu wenyewe za Tanzania, tangu Chakubanga wa gazeti la Uhuru hadi kina Kipepe wa jarida la Sani, tulizisoma na tukacheka, lakini zilikuwa za wajanja na wapumbavu wa mjini. Liyongo bado anasubiri mchoraji.

Kamati ikakubaliana, kwa sauti nyingi na si zote. Wajumbe wawili walitaka pingamizi lao liandikwe, nasi tumeliandika. Tangazo lililosomwa Ijumaa lilikuwa na mambo mawili: mtoto asionekane juu ya kuta za nyumba zinazojengwa; na mwenye kitabu cha katuni akilete Alkhamisi baada ya Alasiri, tukisome pamoja naye, naye atarejeshewa.

Alkhamisi ya kwanza walikuja watoto kumi na moja, na vitabu vitatu. Tulianza na Liyongo. Ubishi uliozuka ulikuwa mkubwa: kwa nini alimwambia mwanawe siri ilhali alikwishamshuku? Mmoja akasema alikuwa mjinga. Mwengine akasema hapana, alichoka kuwa peke yake. Baadaye tuliwahadithia juu ya Mkame Ndume wa Pujini, dhalimu wa kisiwa chetu hiki, anayesimuliwa kwamba aliwatumikisha watu kuhamisha mawe ya ngome yake hali wakijiburuta kwa makalio. Walitaka kumchora papo hapo. Kwa kuwa wapo wajumbe wasioridhia kuchorwa kwa viumbe wenye roho, tukawaambia wachore ngome, kisima na mawe. Mwenye plasta alichora kwa mkono wa kushoto, na mawe yake ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko ya wote.

Baba yake alikuwepo, amesimama nje ya dirisha kama mtu anayesubiri mwenzake. Watoto walipotawanyika alituita pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kimebaki kimoja. Hatukumwambia kimetoka wapi. Tulimfungulia ukurasa wa Sheikh Abdullah, akasoma akiwa amesimama, kidole juu ya picha, kisha akaomba aende nacho nyumbani hadi kesho yake. Zimepita siku tisa. Dada wa mtoto anakiulizia kila siku, na baba bado hajakirejesha.

Wabillahi tawfiq.