Safari ya Mlimani na Ifuate Majira

Mwalimu wa Garissa anayekusudia kuwapeleka wanafunzi katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya hana budi kuyazingatia majira. Likizo ya Aprili huangukia masika: mlimani njia hujaa matope na mawingu hufunika vilele, huku kwetu Mto Tana huweza kufurika. Aprili 2024 mafuriko yaliikata barabara, na mashua ikapinduka Madogo, roho zikapotea.

Mimi mwanaisimu naona kwamba somo hili limo tayari katika lugha ya nyumbani. Mvua hizo Wasomali huziita gu. Kipindi kinachozifuata ni hagaa. Ayajuaye majina hayo atang'amua kwamba Agosti yafaa kuliko Aprili. Basi, walimu, ramani ya safari na ianze kwa msamiati wa wazee.