ALIYERUDI KWAO SI MGENI

Wazee wetu walituachia neno hili: Mwacha asili ni mtumwa. Twalisema arusini na mikutanoni. Twalisema tunapomkaripia kijana aliyekaa mjini miaka miwili akarudi akijifanya hajui lugha ya bibi yake. Na kwa kuwa twalisema mara nyingi mno, hatuupimi tena uzito wake. Leo twataka kuupima. Maana wako watu, nao ni jirani zetu katika nchi ya Handeni, mkoani Tanga, ambao kwao neno hili si methali ya kupambia mazungumzo, bali ni habari ya maisha yao. Babu zao walifanywa watumwa hasa, si kwa mfano wa maneno. Walivushwa bahari wakauzwa. Walakini asili yao hawakuiacha, na kwa kutoiacha wakaacha kuwa watumwa.

Habari yenyewe ni hii. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Mtu mwenye njaa hana hiari. Wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, na huko pwani wengine wakawekwa rehani, wengine wakadanganywa kwa ahadi ya kazi na shibe, wakapakiwa majahazini. Majahazi yakawapeleka kaskazini, mpaka bandari za Barawa na Merka katika pwani ya Somalia, na huko wakatiwa katika mashamba ya mabwana ili wawalimie. Baada ya miaka wakatoroka. Mapokeo yao yasema kwamba aliyewaongoza alikuwa mwanamke mwenye maono, jina lake Wanankhucha, na ya kuwa nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu, wakiufuata upande wa kusini. Hawakufika. Walipoukuta mto Juba na msitu wake mnene, ambao wafugaji waliuogopa kwa sababu ya mbung'o, wakakaa humo, wakafyeka, wakalima, wakawa watu huru. Msitu ule huitwa Gosha.

Ndugu msomaji, hebu fikiri. Tangu wakati ule mpaka mwaka 1991 ni karne moja na nusu. Katika muda huo walizaliwa watu, wakazeeka, wakafa, na wajukuu wao nao wakazeeka, wala hapakuwa na mmoja wao aliyeuona mto Pangani kwa macho yake. Hawakuwa na shule ya kuwafundisha habari zao, wala kitabu, wala ofisi ya kuhifadhi hati. Watawala Waitalia walipokuja waliwakuta wakulima hodari, wakawalazimisha kazi katika mashamba makubwa, wala hawakujishughulisha na asili yao. Na jirani zao waliwaita Mushunguli, na mara nyingi waliwahesabu kuwa watu wa daraja la chini kwa sababu ya utumwa wa babu zao. Hata hivyo Kizigua kiliendelea kusemwa nyumbani. Majina ya koo yalitajwa. Desturi zilirithiwa kupitia upande wa mama, mama akimpa binti na binti akimpa mjukuu.

Tunaposema kumbukumbu, basi, tusidhani kuwa ni jambo la wazee waliokaa kivulini bila kazi. Kumbukumbu ni kazi, na ni kazi nzito. Mwanamke aliyetoka shambani jioni, mgongo ukimuuma, akamwimbia mtoto kwa lugha ya watu waliokwisha kufa, alikuwa akifanya kazi ya ujenzi. Alikuwa akijenga nyumba ambayo yeye mwenyewe asingelala ndani yake. Sisi tulio wafanya kazi twajua maana ya kumwaga jasho kwa ajili ya kitu ambacho faida yake itakwenda kwa mwingine. Wanawake wale walimwaga jasho hilo miaka mia na hamsini, na faida yake ikaja kuonekana siku ya msiba.

Msiba ulikuja mwaka 1991. Serikali ya Somalia ilianguka, na nchi ikagawanywa na wenye bunduki. Katika vita vile kila ukoo ulikimbilia ukoo wake ili kupata ulinzi. Lakini wakulima wa mto Juba hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Ghala zao zikaporwa, wengi wakauawa, na njaa ya mwaka 1992 ikamaliza yaliyobaki. Ndipo wakakimbia, wengi wao mpaka Kenya katika makambi. Na hapo wengine wakakumbuka walichoambiwa na bibi zao: kwamba kusini kuna nchi, na ndani ya nchi hiyo kuna watu wanaosema kama wao. Wakaifuata pwani, wakafika Tanga. Walipokutana na Wazigua wa Handeni, wakasemezana wakaelewana.

Hatujui ushahidi mkubwa kuliko huo. Hati huchakaa, mihuri hughushiwa. Lakini nani awezaye kughushi lugha ya mama kwa karne moja na nusu? Serikali ya Tanzania iliwapokea, kwanza katika kambi ya Mkuyu, na baadaye, kuanzia mwaka 2003, katika makazi ya Chogo, ambako watu wapatao 3,000 walipewa ardhi ya kulima. Wakafunguliwa pia mlango wa kuomba uraia, na wengi wakaupata. Hivyo wajukuu wa watu waliotoka nchini mikono mitupu kwa sababu ya njaa wakarudi, nao wakapewa jembe. Lilikuwa jambo la haki, nasi twalisifu.

Lakini tusiishie katika sifa, maana yako maswali mawili yanayotaka majibu.

Swali la kwanza laulizwa na watu wema. Wasema hivi: Je, sisi si ndio tuliofundishwa tangu utoto kwamba ukabila ni sumu? Si ndio tuliokatazwa kuulizana makabila kazini na vyamani? Yawezekanaje basi leo tuwasifu watu kwa kulishika kabila lao, na kuwapa ardhi kwa kuwa ni Wazigua?

Swali ni zuri, na jibu lake ni hili. Hapana dhambi katika kujua jina la babu yako. Dhambi ni kulitumia jina hilo kumnyima mwenzako chakula, kazi, au haki. Waliozaliwa Gosha hawakulishika kabila lao ili wamtawale mtu. Walilishika wasije wakamezwa na jina la mtumwa walilopewa na bwana. Kabila lililo mkononi mwa mwenye nguvu, akalifanya fimbo, ni sumu. Lakini kabila lililo mkononi mwa mnyonge, akalifanya mkongojo wa kumfikisha nyumbani, ni dawa. Nasi tuliojenga taifa letu kwa lugha moja ya Kiswahili hatukujenga kwa kuwaamuru watu wawasahau mama zao. Mwenye kwao huwa jirani mwema, maana anajua thamani ya kwao kwa mwenzake.

Swali la pili ni gumu zaidi, na hili twalitaka kila mwanachama na kila mfanya kazi alifikiri kwa makini. Katika msitu ule wa Gosha hawakuwamo Wazigua peke yao. Walikuwamo wajukuu wa Wayao, wa Wamakua, wa Wanyasa, na wengine waliosombwa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki na Msumbiji. Wengi wa hao walipoteza lugha zao. Wakachukua lugha za Kisomali, wakajiunga na koo za huko wapate kivuli, na vijiji vya babu zao hawawezi kuvitaja. Je, hao nao tuwaambie nini? Tuwaambie kwamba kwa kuwa hawakumbuki, hawana kwao?

Hasha! Tukisema hivyo tutakuwa tumeukamilisha ufisadi wa wauza watu. Bwana alimnyang'anya mtu mwili wake. Mjeledi ukamnyang'anya lugha yake. Nasi tumnyang'anye na mahali pa kukaa kwa sababu ya kukosa lugha? Huyo atakuwa ameibiwa mara tatu. Na hapa ndipo methali yetu inapotaka kufafanuliwa. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini aliyenyang'anywa asili hakuiacha. Tofauti ya kuacha na kunyang'anywa ni kubwa, na mtu mwadilifu lazima aione.

Kwa hiyo twasema: kumbukumbu na ikubaliwe kuwa shahidi, lakini isifanywe kuwa tikiti ya pekee. Mlango wa kwenda nyumbani hauwi mmoja. Yuko aingiaye kwa mlango wa damu na lugha, kama ndugu zetu wa Chogo. Na yuko aingiaye kwa mlango wa jasho na makaburi.

Mfano wa mlango wa pili tunao. Mwaka 1972 watu wengi mno walikimbia mauaji katika Burundi wakaja kwetu, wakapelekwa katika misitu ya magharibi, Katumba na Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka misitu ile, wakalisha tumbo zao na soko letu, wakazaa na kuzika. Mwaka 2014 Serikali iliwatangazia uraia watu zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao. Hapo mwanzo ilidhaniwa kuwa wakisha kupata uraia sharti watawanywe mikoani, wayaache makazi yale. Baadaye ikaamuliwa wakae walipo. Uamuzi huo wa pili ulikuwa wa hekima, kwa kuwa mtu hawi mwenyeji wa nchi nzima kwa jumla tu. Huwa mwenyeji kwanza wa shamba, wa kisima, na wa kaburi la baba yake.

Tazameni na jirani zetu wa Kenya. Wamakonde walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani na ya miwa huko pwani. Walikata katani kwa mikono yao, na watoto wao na wajukuu wao walizaliwa kule, walakini wakabaki bila kitambulisho cha nchi yo yote. Mwaka 2016 walitoka Kwale wakaenda kwa miguu kudai haki yao Nairobi, na baada ya hapo wakaanza kupewa vitambulisho. Sisi wafanya kazi tulione jambo hili lilivyo: mikono yao ilihesabika siku zote kuwa ya shamba, lakini wenye mikono hiyo hawakuhesabika kuwa wa nchi mpaka vizazi kadhaa vilipopita. Nchi inayokubali jasho la mtu na kukataa jina lake imekula bila kulipa.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huichukua methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Ni kweli, lakini ina upande wa pili ambao twausahau. Ukisha kumpa mtu jembe, amekwisha kuacha kuwa mgeni. Huwezi kumpa jembe asubuhi na jioni ukamwuliza ataondoka lini.

Basi twatoa maombi yetu kwa wanaohusika. Karani aliye dirishani, akiletewa maombi na mtu mwenye jina lenye sauti ya Somalia, asimwone mhalifu kwa jina. Amsikilize, achunguze kama sheria inavyotaka, wala asimzungushe kwa njoo-kesho mpaka nauli imwishie. Mwalimu asikubali mtoto wa Chogo aitwe Msomali kwa dhihaka, wala kwa heshima asifanywe kuwa kiumbe cha maonyesho. Viongozi wa vijiji wakumbuke kwamba cheti cha uraia bila shamba, bila cheti cha kuzaliwa cha mtoto, bila nafasi ya kusema mkutanoni, ni karatasi tu.

Na ndugu zetu waliorudi, nao tunawaambia kwa upendo: nyumba mliyoikumbuka haikuwangoja bila kubadilika. Wazigua wa Handeni nao waliishi miaka mia na hamsini, wakapata mambo mapya, wakaacha mengine. Msikasirike mkiona ninyi mmeshika desturi ambazo wenyeji wamezisahau. Fundisheni na mfundishwe. Wazee walio hai wasemeni na vijana wenye kalamu waandike, maana mwenzetu mmoja akizikwa leo na habari zake kifuani, hatutazichimba tena. Na wako wengine wa jamaa hiyo hiyo walio mbali zaidi. Katika mwaka 2003 na iliyofuata Marekani ilipokea Wabantu wa Somalia zaidi ya 12,000 kutoka makambi ya Kenya. Huko watoto wanakua katika baridi na lugha ngeni. Mama zao watakuwa wanaianza tena kazi ile ile ya bibi zao wa mto Juba, nayo si rahisi kuliko zamani.

Taifa ni kama jamaa kubwa. Katika jamaa wako waliozaliwa nyumbani, wako walioolewa, wako waliolelewa, na wako waliopotea wakaonekana. Siku ya kula hatuwapangi kwa ubora wa damu, na siku ya kulima hatuwapangi pia. Twauliza neno moja tu: huyu analala hapa, anafanya kazi hapa, atazikwa hapa? Kama ndivyo, sogeeni kidogo mkekani, apate nafasi.