MASKINI NAYE ALIPE MWEZI KWA MWEZI

Ndugu wanachama,

Sisi wa Kanja tulio katika kazi ya reli tumesikia manung'uniko mengi juu ya makato ya SHA. Nasi tulinung'unika. Lakini yatupasa kusema kweli kwanza, ndipo tudai haki.

Kweli ni hii. Wakati wa NHIF mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75, yaani 550. Mwenye 100,000 alikatwa 1,700, sasa 2,750. Mdogo amepunguziwa, mkubwa ameongezewa. Hilo hatulipingi. Wakubwa wakilia, tusiwasaidie kulia.

Shauri letu ni jingine. Kwetu Kanja reli haifiki, na wenye mshahara ni wachache. Wengi ni wachuma chai na vibarua wa kahawa. Kima chao cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa watoe ya mwaka mzima kwa mara moja: 3,600 au zaidi. Sisi wenye mshahara twakatwa kidogo kidogo. Asiye na mshahara ndiye anayeambiwa alete fungu zima! Je, hii ni haki?

Mama mmoja jirani yetu aliugua. Zahanati ilimpokea bila malipo, kama ilivyo amri, ikampeleka hospitali kubwa. Huko akaambiwa alete kwanza ada ya mwaka. Alirudi nyumbani na maumivu yake, akakaa siku nne mpaka sisi tulipochanga na kumtumia fedha kwa simu. Asiye na jirani mwenye mshahara afanye nini?

Tena ada ya kila nyumba hupimwa kwa maswali: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, choo ni cha namna gani. Ndugu, Kanja nzima imeezekwa mabati, kwa mwenye duka na kwa mjane. Bati halionyeshi kilichomo mfukoni.

Mwaka 2025 Serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Polepole. Mtu hukopeshwa ada ya mwaka, kisha hulipa mkopo kidogo kidogo. Sisi twauliza: ikiwa deni laweza kulipwa kidogo kidogo, kwa nini ada yenyewe isilipwe hivyo, bila deni?

Sheria ya mwaka 2023 yasema wasio na uwezo watalipiwa na Serikali. Basi twadai:

1. Asiye na mshahara alipe mwezi kwa mwezi, kama sisi.
2. Katika kuchagua wa kulipiwa na Serikali, watu wa kijiji waulizwe. Wao wanajua nani hana.
3. Mgonjwa atibiwe kwanza, hesabu ifuate.

Wengine watasema haya si mambo ya reli. Mama zetu ni wa nani? Kila jamaa akikosa bima, mchango watoka katika mshahara wetu. Hivyo twakatwa mara mbili, na ile ya pili haina risiti. Viongozi wetu wakienda mbele ya Waziri wasitaje mishahara peke yake. Wamtaje na mchuma chai.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa Kanja