Dhahabu Tunaipima kwa Gramu, Chuma Tunakipima kwa Macho

Yeyote aliyewahi kuingia katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, anajua heshima ambayo taifa hili huipa mizani. Dhahabu hupimwa uzito, hupimwa usafi, huandikwa, hutiwa sahihi. Ofisa atakayeitazama kwa jicho na kusema, "Hii yaonekana gramu kumi," hatamaliza wiki kazini. Na ni haki, kwani mali ya umma haikadiriwi kwa macho.

Sasa tutoke sokoni twende kwenye mitambo ya uchenjuaji, kule dhahabu inakotenganishwa na kaboni, mitambo ambayo wachimbaji wetu huiita elusheni. Katika ile inayotumia presha kuna mtungi wa chuma uliojaa maji yenye kostiki na sianidi, yaliyopashwa moto hadi nyuzi 130 au 140. Maji hayo hayageuki mvuke kwa sababu moja tu: yamebanwa. Kinachoyatenganisha na uso wa mfanyakazi ni ukuta wa chuma wenye unene wa milimita chache. Ukuta huo ukiachia ghafla, sehemu ya maji hulipuka kuwa mvuke, na lita moja ya maji iliyogeuka mvuke hudai nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Naomba niulize swali ambalo sokoni lingekuwa la kawaida: ukuta huo nani ameupima, na alipata milimita ngapi?

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye mtambo mmoja mdogo kati ya Kahama na Geita. Sitautaja, wala sitamtaja aliyeukagua. Bamba la mtengenezaji lilikuwa limepakwa rangi juu ya rangi hata halisomeki. Valvu ya usalama, kifaa kinachopaswa kufunguka chenyewe presha inapozidi, ilikuwa imekazwa kwa waya. Nilimuuliza fundi, mtu mzima kunizidi, sababu ya waya ule. "Inalia hovyo, dokta," alinijibu kwa upole. "Ikilia, mzigo unapoa, na mzigo ukipoa mimi ndiye wa kulaumiwa." Kisha akanionesha cheti cha ukaguzi kilichotundikwa ukutani. Tarehe zake zilikuwa sahihi na mhuri wake ulisomeka. Lakini ndani ya cheti kile hapakuwa na namba hata moja inayohusu unene wa chuma.

Simlaumu fundi yule. Nailaumu fikra iliyomfundisha kwamba karatasi ndiyo usalama.

Ukaguzi wa mtungi ulioko kazini si fumbo la wasomi. Kuna kifaa kinachoshikwa mkononi ambacho hupeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kusoma unene wake bila kutoboa chochote. Chukulia mtungi uliofungwa ukiwa na unene wa milimita 10. Baada ya miaka minane unapimwa na kukutwa na milimita 8. Chuma kimeliwa robo milimita kila mwaka. Ikiwa hesabu ya presha inadai angalau milimita 6, basi zimebaki milimita mbili, yaani miaka minane ya uhai. Kanuni inayotumika kimataifa huongeza busara moja: usingoje miaka hiyo iishe, bali rudi kupima kabla nusu yake haijapita, na hata uhai uliobaki ukiwa mrefu kiasi gani, usizidishe miaka kumi. Hesabu hii anaiweza mwanafunzi wa kidato cha pili.

Hata hivyo, unene peke yake hautoshi. Kostiki ikikolea katika joto hupasua chuma cha kawaida kwenye maungio ya kuchomelea, na nyufa hizo zaweza kuwapo wakati kifaa cha unene kinasoma vizuri. Hapo ndipo mkaguzi anapopaswa kutumia rangi inayopenya kwenye ufa, au sumaku, na kisha kuujaribu mtungi kwa kuujaza maji na kuupandisha presha kuliko ile ya kazi. Hutumika maji, si hewa, kwa kuwa maji hayahifadhi nguvu nyingi yanapobanwa. Mtungi ukishindwa, huvuja badala ya kulipuka.

Wenzetu walijifunza haya kwa mazishi. Machi 20, 1905, katika mji wa Brockton, Marekani, boila la kiwanda cha viatu lililipuka na kuua watu 58. Lilikuwa boila la zamani, lililowashwa kwa sababu lile jipya lilikuwa katika matengenezo. Miaka miwili baadaye jimbo la Massachusetts lilikuwa na sheria ya maboila, na kutoka hapo zikazaliwa kanuni ambazo mpaka leo huongoza utengenezaji wa mitungi duniani.

Sisi tumeshazika pia. Mei 23, 2024, bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilayani Mvomero, na watu 11 wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likavamia mashamba na makazi ya watu. Bwawa si mtungi, na chanzo cha ajali moja si chanzo cha nyingine. Lakini swali la msingi ni lile lile: je, ukuta unaozuia nguvu kubwa, ambao jana ulisimama, leo bado una uwezo wa kusimama? Swali hilo halijibiwi kwa kuuliza ulijengwa lini. Hujibiwa kwa kipimo.

Nitaambiwa kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imempa mwajiri wajibu na imeipa OSHA mamlaka ya kukagua maboila na mitungi ya presha. Tatizo langu si kukosekana kwa sheria. Tatizo ni kuridhika na jibu la "amekaguliwa" au "hajakaguliwa", pasipo kudai namba.

Nitaambiwa pia kwamba mchimbaji mdogo ni maskini na masharti zaidi yatamuua. Hoja hii ina uzito, na nimeisikia ikitolewa na watu waungwana. Lakini tuitazame kwa makini. Marekebisho ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, na juu yake ikawekwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ukaguzi wa nini? Wa madini. Mchimbaji yule yule tunayemhurumia asipimwe mtungi, hatukumhurumia tulipompimia dhahabu. Tulipotaka chetu, tuliweza kujenga masoko, kununua mizani na kuajiri maofisa. Kumbe uwezo upo. Kinachokosekana ni kuona kwamba mwili wa fundi nao ni mali ya kulindwa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, kila mtungi wa presha katika mikoa ya Geita na Shinyanga uwe na namba yake na faili lake, na faili liufuate kila unapouzwa. Maana mgodi ukifungwa, vyuma vyake haviendi kaburini, huhamia kwa mnunuzi mwingine. Pili, cheti kisitolewe bila kuandikwa unene uliopimwa, unene wa chini unaoruhusiwa na tarehe ya kupima tena, na kibandikwe mahali ambapo anayewasha mtambo atakisoma. Tatu, sehemu ya ada ile ya asilimia 1 igharimie vifaa na wakaguzi wa kudumu huku huku machimboni.

Nasi wahadhiri tusijitoe. Nimefundisha hesabu ya uhai wa mtungi kwa miaka, na wengi wa wanafunzi wangu wamehitimu bila kukishika kifaa cha kupimia. Tumewapa mtihani wa chuma ambacho hawajakigusa. Hilo ni kosa letu, si la wizara.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtungi wa presha hauna ukarimu huo, kwani ufa wake ukipuuzwa, wa kujenga ukuta hawapo tena. Kwako mtumishi wa umma, kabla hujaweka mhuri, omba namba. Kwako mwanaharakati, ukiuliza kuhusu mrabaha, uliza na milimita. Na kwako fundi, ukiingia zamu kesho, tazama kwanza kama valvu ina waya. Ukiukuta, usiwashe.