Bwawani pia vaa suti

Mwandishi mmoja anasema suti ya kuzamia haina kazi kwenye bwawa la mafunzo kwa sababu Zanzibar kuna joto. Sikubaliani naye. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, takriban mara 25, na mwanafunzi wa uzamiaji haogelei kwa nguvu: anapiga magoti chini akingoja zamu yake ya kutoa maji kwenye miwani. Bwawa la nyuzi 28 linaweza kumtetemesha kabla somo halijaisha.

Lakini baridi si hoja yangu kubwa. Neopreni imejaa viputo vya gesi, hivyo inaelea, na aliyeivaa huhitaji vipande zaidi vya risasi kiunoni ili azame. Ukijifunza kutulia majini na kaptula tu, kisha siku ya kuzamia baharini Nungwi ukapewa suti ya milimita 3, hesabu ya uzito inaanza upya, tena mawimbini! Ukifika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu, suti inasinyaa, unazidi kuzama. Jambo hilo bwawa halikuonyeshi.

Na wenye shule za uzamiaji wanaolalamika kwamba klorini ya bwawa huharibu suti, wasuuze suti zao kwa maji ya bomba.