Rafu Zimejaa, Waliozijaza Hawajalipwa

Tumezoea kupima mafanikio ya supamaketi kwa idadi ya matawi. Huko Kenya, Naivas imekwishavuka matawi 100, na Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, imekuwa ikiongeza maduka tangu ilipoingia mwaka 2016. Lakini Nakumatt nayo ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Matawi yake sita ya mwisho yalichukuliwa na hao hao Naivas.

Supamaketi hupokea unga, maziwa na mafuta kwa mkopo, huuza kwa fedha taslimu, kisha humlipa msambazaji baada ya wiki au miezi. Fedha hizo zikitumika kufungua tawi jipya kabla ya deni kulipwa, duka linakua kwa mali ya watu wengine.

Kununua kwa mkopo si haramu. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe alinunua chakula kwa mkopo, akaweka rehani deraya yake. Na Qur-aan, katika Suuratul-Baqarah, imeamrisha deni liandikwe na muda wake ujulikane, na mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula. Ama mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, Mtume amekihesabu kitendo chake kuwa ni dhulma. Basi tunauliza: anayefungua tawi jipya mwezi huu anawezaje kumwambia mwenye maziwa kuwa hana fedha?

Sheria ya nchi nayo imeliona tatizo hili. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim faini ya shilingi bilioni 1.1, ikisema ilitumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, yakiwemo makato iliyowatoza. Mkulima mdogo akikubali masharti kwa kuogopa kuondolewa rafuni, ridhaa yake ina mashaka, na biashara katika Uislamu imejengwa juu ya kuridhiana.

Tunawanasihi wasambazaji Waislamu waandike mikataba yenye tarehe ya malipo, na wenye maduka walipe kabla ya kujitanua.

Nasi wanunuzi tusijitoe. Wangapi miongoni mwetu tuna deni kwenye daftari la duka la mtaani, lakini mshahara ukiingia tunakwenda supamaketi na fedha mkononi? Mwenye duka yule naye anadaiwa unga aliotukopesha. Hukumu ni moja, kwa kampuni ya mabilioni na kwa mwenye deni la kilo mbili za sukari.

Allaah atuwezeshe kulipa haki za watu kabla hatujaulizwa. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.