Mimba Ikitoka, Tusiulize Nani

Katika vitabu kama hiki tumezoea kusifu mila ya wazee, na tunafanya vizuri. Lakini kuna desturi moja tunayoikataa waziwazi: ile ya kumweka mama kwenye kesi mimba yake ikitoka.

Mambo yanajulikana, iwe Katuba, iwe Kenya, iwe Ruashi. Mama anapoteza mimba ya miezi miwili ao mitatu. Hajapewa bado hata maji ya moto, maulizo yanaanza: "Ulitembea na nani?" Ao: "Mulozi gani alikula ile mimba?" Wabemba wana neno lao, ncila; Waluba wa Kasai wana cibawu. Wanaotetea maneno hayo wanatuambia kwamba ni sheria ya mababu. Basi waisome yote! Katika ncila, uzinzi wa mume pia ulihesabiwa kuwa hatari kwa mke mwenye mimba. Sisi wa mjini tulichukua nusu ya sheria, ile inayomfunga mwanamke, nusu ingine tukaiacha kijijini.

Munganga anasema nini? Katika mimba kumi zinazojulikana, moja ao mbili zinatoka zenyewe, na nyingi kati ya hizo zinatoka mbele ya miezi mitatu. Karibu nusu ya zile za mwanzo, mara nyingi zaidi ya nusu, sababu yake ni kosa katika mbegu yenyewe ya mtoto, siku ile ile mimba ilipoingia. Hakuna jirani aliyeingiza mkono. Malaria nayo inaweza kutoa mimba, na hapa kwetu mbu hawakosi.

Na kama kweli tunataka kumuuliza baba kitu, tumuulize anafanya kazi wapi. Uchunguzi uliofanywa hapa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto wanaozaliwa na kilema cha kuonekana ni wengi zaidi pale baba anapofanya kazi ya migodi. Huo ulihusu watoto waliozaliwa, haukuhusu mimba zilizotoka. Lakini unatosha kutufundisha kwamba ulizo la kazi lina maana kuliko ulizo la uchawi.

Ubaya mkubwa wa kesi hizi ni kwamba zinafundisha kuficha. Mwanamke anaficha mimba miezi ya kwanza kwa kuogopa macho ya watu, kisha anakwenda kupimisha tumbo likiwa tayari kubwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na waganga mara 8, na mara ya kwanza iwe mbele ya wiki 12. Nani ataenda wiki ya kumi, kama wiki ya kumi mimba ni siri? Damu ikianza, anaificha vilevile. Anakunywa mizizi ya kusafisha tumbo, anangoja. Huku mabaki yanaoza ndani, homa inapanda. Damu nyingi, homa, maji yenye harufu mbaya, maumivu yasiyotulia: hayo si mambo ya kungoja asubuhi.

Hata kwenye maternite kuna kesi. Kwa sababu kodi penali inaazibu kutosha mimba, mwenye kutoka damu anatazamwa kama mwizi. Lakini kutunza mama ambaye mimba imemtoka si kosa. Tena Protokoli ya Maputo, iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la nchi yetu mwaka 2018, inaruhusu hata kutoa mimba pale mama alipobakwa, ao pale afya yake iko hatarini. Halafu inakuja faktire. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi juu ya wamama waliozuiliwa na watoto wao katika hospitali moja kubwa ya mji huu kwa sababu ya deni. Kama mwenye mtoto mikononi anazuiliwa, asiye na mtoto anaogopa hata kufika mlangoni.

Watu wa zamani wa kampi za Union Minière wanakumbuka: tangu miaka ya 1920 kompani ilitia nguvu kwa kuzalisha na kupima watoto, na posho ilisaidia kuwavuta wamama. Ilikuwa inatafuta wafanyakazi wa kesho, tusijidanganye. Tulirithi maternite, na hiyo ni faida. Tulirithi pia fikira kwamba tumbo lina bei pale tu linapotoa mtoto. Hata mpango wa uzazi wa bure, ulioanzishwa Kinshasa mwaka 2023, watu wanaufahamu kwanza kama mambo ya kuzaa.

Kumbe mila yetu ina kitu bora kuliko posho. Kwa Wabemba, nacimbusa hakuwa mtu wa kukata kitovu tu. Alimfundisha msichana kwenye cisungu, na kwenye uzazi alikuwa naye tena. Huo usindikizaji ndio tungepaswa kuulilia, lakini tumeuacha ufe na tumechunga mashitaka.

Kwa hiyo tunaomba vyama vyetu vya ukoo, hiki chetu kikiwa cha kwanza, viangalie daftari zao. Kwa matanga kila mtu anatoa mchango, na hakuna anayeuliza marehemu alitembea na nani. Mama aliyepoteza mimba apate mchango ule ule: faktire ilipwe, mashangazi wawili wamsindikize kwa munganga siku ile ile, na kazi ya nyumba ifanywe na wengine mpaka apone. Mume aende naye. Na yule mzee anayetaka kuita kikao cha kutafuta mulozi, aulizwe kwanza alitoa franka ngapi.